Mapishi Yaliyochukuliwa na Maji

Somo letu la leo ni juu ya daftari la mapishi: linavyopotea, na watu wanavyoweza kulijenga upya. Mfano tunautoa mbali, katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani. Mji huo uko kando ya mto mkubwa uitwao Mississippi, karibu na Ghuba ya Mexico. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Umekaa kama ndani ya bakuli, na maji yanazuiwa na matuta na kuta.

Tarehe 29 Agosti, 2005, kimbunga kilichoitwa Katrina kiliipiga pwani ile. Kuta zikavunjika. Wahandisi waliochunguza baadaye waliona kwamba baadhi ya kuta hizo zilikuwa na kasoro tangu zilipojengwa. Karibu asilimia 80 ya mji, yaani sehemu nane katika kila kumi, ilifunikwa na maji. Katika eneo zima lililopigwa walikufa watu zaidi ya 1,300. Mitaa mingine ilikaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa.

Watu wengi walikuwa wamehama kabla ya kimbunga kufika. Walichukua nguo za siku mbili tatu tu, maana walidhani watarudi upesi. Nani angekumbuka kubeba daftari la jikoni? Waliporudi walikuta tope sakafuni na ukungu umepanda ukutani mpaka darini. Vitabu vilikuwa vimevimba na kurasa zimegandana. Vitu vya ndani vikatolewa kwa koleo na kurundikwa barabarani.

Wapo watakaosema: watu wamekufa, nyumba zimeharibika, na mtu analilia kitabu cha mapishi? Mimi sikubaliani nao. Mbao na simenti zinauzwa dukani. Lakini karatasi iliyoandikwa na mkono wa bibi yako, yenye doa la mafuta pale alipoweka kidole, haiuzwi popote. Tena mtu aliyekaa ugenini miezi mingi hutamani sana chakula cha kwao. Akirudi na asiweze kukipika, huona kama bado hajafika.

Hebu tukitazame chakula chenyewe. Mji ule unajulikana kwa mchuzi mzito uitwao gumbo. Kwanza unga wa ngano unakaangwa katika mafuta, polepole, huku ukikorogwa bila kuacha, mpaka uwe na rangi ya kahawia. Kisha hutiwa vitunguu na pilipili hoho, halafu kamba, kaa, kuku au soseji. Wapishi wengi hutia bamia ili mchuzi uwe mzito. Huliwa kwa wali. Neno gumbo linaaminika kuwa limetoka Afrika, katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, na maana yake ilikuwa hiyo hiyo bamia. Lilivuka bahari na watu waliochukuliwa utumwani. Basi mama, ile bamia unayochuma nyuma ya nyumba yako ina ndugu zake kule.

Chakula kingine ni maharage mekundu kwa wali, na siku yake ni Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Zamani hiyo ilikuwa siku ya kufua. Mama aliinjika sufuria ya maharage asubuhi, yakachemka taratibu yenyewe, yeye akaendelea na nguo. Wanaofua kwa mikono wataelewa mara moja.

Sasa, mapishi haya yalirudije? Gazeti la mji, liitwalo The Times-Picayune, lilikuwa limechapa mapishi kwa miaka mingi. Wasomaji walikuwa na desturi ya kukata vipande hivyo na kuvitunza katika masanduku na madaftari. Gazeti lenyewe lilipata taabu: tarehe 30 Agosti wafanyakazi wake walikimbia maji kwa malori ya kusambazia magazeti, na kwa siku chache halikuweza kuchapwa kwenye karatasi. Lakini miezi michache haikupita kabla barua hazijaanza kuja. Wasomaji waliomba mapishi waliyopoteza. Mhariri wa ukurasa wa chakula, Judy Walker, alitafuta katika magazeti ya zamani. Mengine aliyapata. Pale aliposhindwa, aliandika katika ukurasa wake kwamba fulani anatafuta mapishi fulani, nani anayo? Msomaji mwingine, ambaye nyumba yake haikuguswa na maji, au aliyehamia mji mwingine zamani na vipande vyake, aliyatuma.

Kazi hiyo iliendelea mpaka mapishi yakatosha kutengeneza kitabu. Mwaka 2008 Judy Walker na mwandishi mwenzake Marcelle Bienvenu walikitoa, kikiwa na mapishi zaidi ya 200. Jina lake ni Cooking Up a Storm.

Angalia vizuri jambo hili. Yaliyorudi ni mapishi yaliyokuwa katika nyumba zaidi ya moja. Kipande cha gazeti kilikuwa kwa huyu na kwa yule. Kimoja kikioza, cha pili kipo. Lakini mapishi yaliyoandikwa katika daftari moja tu, la mtu mmoja, ambaye hakumwonyesha mtu, yangetoka wapi? Mhariri hata angefanya kazi usiku na mchana, hawezi kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kutoka nje ya kabati la mwenyewe. Tunao wenzetu wanaoficha siri ya pilau. Siwalaumu, lakini na wao wafikiri.

Tena haikuwa mara ya kwanza mji huo kuogopa hasara ya namna hii. Mwaka 1900 gazeti hilo hilo, wakati huo likiitwa The Daily Picayune, lilitoa kitabu kikubwa cha mapishi ya mji. Sababu moja ilikuwa kwamba wapishi wazee, wanawake Weusi ambao wengi wao walikuwa wameishi utumwani, walikuwa wakifariki, na ujuzi wao haukuandikwa. Kitabu kilitunza vyakula vyao. Majina yao hakikuyatunza, na hilo kwangu ni dosari kubwa. Kwa hiyo unapoandika pishi la shangazi, andika na jina la shangazi.

Kwetu si lazima kije kimbunga. Mwezi Aprili 2024 maji ya mto Rufiji yaliingia vijijini katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Na pasipo mafuriko wapo mchwa, panya, moto, paa linalovuja, na mtoto anayechana kurasa kufungia karanga.

Kama daftari limelowa, usilifungue kwa nguvu, kurasa zitachanika. Lisimamishe kivulini penye upepo. Usilianike kwenye jua kali. Karatasi hupinda na wino hupauka. Kurasa zikianza kuachana zenyewe, weka karatasi safi kavu katikati, na uzibadilishe kila zinapolowa. Likiota ukungu, lishughulikie nje ya nyumba, ukiwa umefunga kitambaa puani na mdomoni. Maandishi ya penseli hayayeyuki katika maji, ila wino wa aina fulani husambaa.

Kama limepotea kabisa, anza na majina. Usijaribu kukumbuka vipimo kwanza. Andika tu vyakula ulivyokuwa navyo, na mbele ya kila kimoja andika nani alikufundisha na nani amewahi kukila kwako. Hao ndio watu wa kuwaendea. Dada mmoja atakumbuka nazi ngapi, jirani atakumbuka kwamba iliki ilitiwa mwisho. Kisha pika, onja, sahihisha. Mara nyingi mkono hukumbuka kitu ambacho kichwa kimesahau.

Na ukiandika, andika kwa ajili ya mtu asiyejua. Maneno kama "tia chumvi kiasi" yanamsaidia yule anayejua tayari. Sema kikombe kipi, kijiko kipi, moto mkubwa au mdogo, na chakula kikiiva kinafananaje.

Kazi ya kikundi: Mkutane wanakisomo watano au sita. Kila mmoja aandike pishi moja la kwao, nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili ampe mwenzake anayekaa nyumba ya mbali. Yule aliyepewa akapike kwa kufuata maandishi tu, bila kuuliza, halafu alete chakula hicho kwenye kikundi. Mwenye pishi aonje, na aongeze katika nakala zote mbili yale aliyosahau kuandika.