Stempu Mbili katika Somo la Utabiri wa Hali ya Hewa

Miongoni mwa mada za jiografia ambazo wanafunzi wetu huzikariri bila kuziamini, utabiri wa hali ya hewa una nafasi ya mbele. Mtoto wa Bariadi hutaja kipimamvua, kipimajoto na kipimaupepo bila kukosea, kisha hurudi nyumbani akamsikia babaye akisema kwamba watu wa redio wamedanganya tena. Mwalimu asipoingia kati, neno la baba ndilo litakaloshinda. Wala si ajabu, kwa kuwa baba ndiye aliyepoteza mbegu. Katika makala hii tunapendekeza kuliingia somo hilo kwa kutumia kitu kidogo sana, nacho ni stempu ya posta.

Stempu mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya senti 10, iliyotolewa mwaka 1960 kwa matumizi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo ina picha ya pamba. Ya pili ni ya mwaka 1973, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la posta na simu. Ilitolewa kuadhimisha miaka 100 ya ushirikiano wa mataifa katika elimu ya hali ya hewa, na inamwonyesha mtaalamu akirusha puto angani. Mwalimu asiyeweza kuzipata azichore kwa ukubwa kwenye karatasi ya manila. Watoto wengi wa leo hawajapata kubandika stempu kwenye bahasha, kwa hiyo dakika chache za kueleza stempu ni nini hazitapotea bure.

Tuanze na pamba, maana hapo wanafunzi ndio wajuzi. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ni shamba kubwa la zao hilo. Mwalimu aulize: mmea huu unadai nini kutoka mbinguni? Wataeleza wenyewe kwamba mbegu hutiwa ardhini kuanzia katikati ya Novemba. Kwamba mvua ikinyesha mara moja kisha ikakatika, miche hukauka na kazi ya kupanda huanza upya. Na kwamba mvua ya wakati wa kuchuma huichafua pamba. Baada ya hapo aibandike stempu ya puto kando ya ile ya pamba na kuuliza swali moja tu: mtu huyu na mmea huu wana uhusiano gani? Asiharakishe kujibu. Kimya cha darasa mahali hapo kina faida.

Swali la kwa nini mwaka 1873 ndio uliokumbukwa litatokea, na linastahili jibu kamili. Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Zanzibar, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi. Hapakuwa na mtu wa kuonya. Hata kama baharia fulani angeiona dhoruba mbali baharini, habari zake zisingeweza kuitangulia, kwa sababu waya wa simu za maandishi ulifika Zanzibar mwaka 1879 tu. Barani Ulaya nyaya hizo zilikuwa zimekwisha kuenea, na huko Uingereza FitzRoy alikwisha kuanza mwaka 1861 kuchapisha utabiri gazetini. Lakini kila nchi ilipima kwa saa zake na kwa vipimo vyake. Mkutano wa Vienna wa Septemba 1873 ulikusudia kuondoa kasoro hiyo, na ndiyo mbegu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambalo mkataba wake ulianza kutumika tarehe 23 Machi 1950.

Hapa ndipo puto la kwenye stempu lipatapo maana. Puto la namna hiyo hubeba kifaa chenye redio kinachopima kanieneo ya hewa, joto na unyevu, likapanda hata kilometa 30 hivi kabla ya kupasuka. Saa zilizokubaliwa duniani kote za kupima anga la juu ni, kwa saa zetu, saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Mtabiri huzikusanya namba za wakati mmoja kutoka mahali pengi, na kutoka katika picha hiyo ya sasa hukadiria ya kesho. Darasa likilielewa jambo hili, limekwisha kutofautisha utabiri na kubahatisha.

Historia ya kwetu yaweza kupitiwa kwa haraka. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha idara yake. Ikawa wakala mwaka 1999, na mamlaka mwaka 2019.

Lakini stempu ina upungufu wake, nao mwalimu asiufiche. Stempu hupenda makubwa: puto, rada, setilaiti. Mtu anayekwenda kila siku saa 3 asubuhi kusoma kipimamvua, awe na homa au asiwe nayo, ni nadra kuchorwa. Mtoto akiishia kwenye picha hizo ataondoka akidhani kwamba utabiri ni kazi ya watu wa mbali. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba somo litoke nje ya darasa.

Watafutwe makopo mawili yenye kuta zilizonyooka, moja jembamba na jingine pana, yawekwe uwanjani mbali na miti na mapaa. Kabla ya mvua wanafunzi waandike ni lipi litakaloonyesha mvua nyingi zaidi. Karibu wote watataja lile pana. Mvua ikinyesha, wapime kina cha maji kwa rula. Watakuta kina kile kile katika yote mawili, na mabishano yatakayofuata yana thamani kuliko maelezo yetu yote, kwa kuwa hapo watagundua kwamba milimita ya mvua haipimi wingi wa maji ya kopo bali kina cha maji juu ya nchi. Kisha hesabu: milimita 1 juu ya meta mraba 1 ni lita 1. Ekari ina meta za mraba 4,000 na kidogo. Basi mvua ya milimita 20 huleta kwenye ekari moja lita 80,000 hivi, yaani mapipa 400 ya lita 200. Mtoto anayeteka maji kisimani ataielewa namba hiyo haraka kuliko sisi.

Kutoka hapo tulirudie neno la baba. Utabiri wa msimu husema kwamba mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, au juu yake, au chini yake. Wastani wa nini? Wa miaka mingi iliyopimwa, na kwa eneo pana. Lakini mvua zetu za radi hunyesha kwa vipande. Dutwa yaweza kulowa ilhali Nkololo kuna vumbi. Redio yaweza kusema kweli juu ya mkoa, na baba akasema kweli juu ya shamba lake. Wala wazee wasidhihakiwe. Waliotazama Kilimia angani, na watemi wa Usukuma waliodaiwa mvua na watu wao, walishughulikia swali lile lile. Wanafunzi wakusanye dalili hizo na kuzilinganisha na daftari la shule.

Daftari hilo lina kanuni mbili. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo kopo halikusomwa iwekwe kistari, na kamwe isijazwe kwa kukisia. Ugumu utakuja Desemba, shule zinapofungwa huku miche ya pamba ikingojea mvua ya pili. Tunashauri zamu za likizo wapewe wanafunzi wakaao jirani na shule, wawili wawili, na ufunguo wa ua wa kipimamvua ubaki kwa mwalimu wa zamu ama kwa mzazi wa kamati aliye karibu.