Kuridhika Hujifunzwa: Shukrani Ndani ya Ndoa

Jiulize swali hili kabla hujaendelea. Ni lini mara ya mwisho ulipomwambia mume wako asante kwa unga aliouleta nyumbani? Na wewe mume, ni lini ulipomshukuru mkeo kwa chakula alichokupakulia? Wengi watajibu kwamba hawakumbuki. Tunayahesabu mambo hayo kuwa wajibu tu, na huo ndio mlango ambao manung'uniko huingilia nyumbani.

Chukua mfano wa mume na mke waliooana kwa miaka 12, wenye watoto watatu na mshahara mdogo. Januari ikifika, karo na sare za shule humaliza kila kitu. Jirani naye amejenga nyumba ya mawe na kununua gari. Basi kila jioni mke husema, "Wenzako wanaendelea, wewe uko pale pale." Mume hujibu, "Wake wa wenzangu wanajua kutunza pesa." Baada ya miezi michache mume amezoea kurudi watoto wakiwa wamelala, na mke amezoea kuficha pesa za chama. Hakuna aliyezini wala aliyempiga mwenzake, lakini ndoa yao inanyauka.

Paulo alijifunza

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Katika sura ya 4, mstari wa 11 hadi 13, anaeleza kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, awe na vingi au apungukiwe, na kwamba nguvu ya kufanya hivyo huipata kwa Kristo. Anasema amejifunza. Kumbe hata mtume hakuzaliwa na moyo wa kuridhika! Tena hajisifu kwa bidii yake mwenyewe, bali anaitegemea neema.

Nanyi mliofunga ndoa kanisani mmepewa neema hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1641 na 1642, inafundisha kwamba Sakramenti ya Ndoa ina neema yake ya pekee. Neema hiyo hukamilisha upendo wa mume na mke, na Kristo mwenyewe hukaa nao na kuwatia nguvu ya kubeba msalaba wao na kusameheana. Haikuishia kwenye keki ya arusi. Iombeni kila siku, kama Waisraeli walivyookota mana kila asubuhi.

Manung'uniko husahau

Waisraeli hao hao walichoshwa na mana. Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kinasimulia jinsi walivyolia wakikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Viboko na matofali ya utumwani hawakuvitaja. Ndivyo ulivyo moyo usioshukuru. Humkumbuka mchumba wa zamani, ukasahau sababu ya kuachana naye. Huona gari la jirani, usione mkopo wa SACCO anaoulipa. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Wakasema tena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuridhika si kunyamazia ubaya

Wapo wanaolitumia fundisho hili vibaya. Mume anayemaliza mshahara kwenye baa hana haki ya kumwambia mkewe aridhike na kidogo. Mke au mume anayepigwa haambiwi ashukuru na kuvumilia. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 241, alieleza kwamba kuna nyakati ambapo kutengana ni lazima ili kumlinda aliye mnyonge au watoto wadogo. Kama hayo ndiyo yako, tafuta kwanza mahali pa usalama, kisha umwone paroko, ndugu unaowaamini, na polisi inapobidi.

Paulo mwenyewe, katika barua ile ile, aliwashukuru Wafilipi kwa zawadi waliyompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Mtu aliyeridhika anaweza kusema "nimepungukiwa" na kupokea msaada bila aibu.

Mazoezi ya mwezi mmoja

1. Kila siku mshukuru mwenzako kwa jambo moja, na ulitaje. "Asante kwa kuamka usiku mtoto alipokuwa na homa" ina uzito kuliko "asante kwa yote". Katika namba 133 ya waraka ule, Papa Fransisko alizihimiza familia kutumia maneno matatu: naomba, asante, samahani.

2. Wakati wa sala ya jioni, mshukuru Mungu kwa ajili ya mwenzako, watoto wakisikia. Watajifunza kwenu namna ya kupendana.

3. Mwisho wa mwezi wekeni pesa zote mezani, za mshahara, za shamba na za chama, pamoja na madeni. Shukuruni kwanza kwa kilichopatikana, kisha mgawanye. Hamtaficha mliyokwisha kumshukuru Mungu kwa ajili yake pamoja.

4. Jumapili nendeni Misa pamoja. Neno Ekaristi latoka katika Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Toeni pale altareni hata upungufu wenu.

Mshahara hautaongezeka kwa sababu ya mazoezi haya, wala karo haitapungua. Lakini mume anayepokewa kwa asante hana haja ya kuzurura hadi usiku, na mke anayethaminiwa hana haja ya kuficha.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

- Ni jambo gani ambalo mwenzangu hulifanya kila siku nami sijawahi kumshukuru?
- Mimi hulinganisha nyumba yetu na ya nani, na kwa nini?
- Je, kuna ubaya nyumbani mwetu ambao tunauita uvumilivu?

Mungu azibariki nyumba zenu.