Dondoo muhimu: Kabla ya utume wa miaka miwili Lubumbashi

Ukishaombewa na kuagwa kanisani, geukia karatasi. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Chanjo ya homa ya manjano upate siku 10 au zaidi kabla ya safari. Cheti chake hudumu maisha yote, na kuingia Kongo lazima uwe nacho.

Fedha zinataka umakini zaidi. Lubumbashi dola hutumika pamoja na franga, lakini noti iliyochanika, hata kidogo tu ukingoni, hukataliwa. Zikague moja moja ukiwa bado dirishani benki.

Kiswahili chako kitaeleweka, ila ofisini ni Kifaransa: jifunze salamu, tarakimu na maneno ya hospitali. Usipange huduma yoyote kabla hujamsikiliza mchungaji mwenyeji; waumini ni wake, anawajua.

Linalosahaulika mno, na linaloumiza kuliko yote, ni nyumbani. Ada za watoto, shamba, mzazi mgonjwa: mkabidhi mtu mmoja mwaminifu, kwa maandishi, na mkubaliane kabisa nani atakupigia simu ukitokea msiba.