Kura Moja ya Mikumi Inachagua Wabunge Wangapi?

Wilaya ya Kilosa ina majimbo mawili, Kilosa na Mikumi. Twende na chaguzi 3. Mwaka 2010 Kilosa ilimpeleka bungeni Mustafa Mkulo, Mikumi ikampeleka Abdulsalaam Amer. 2015 wakaja Mbaraka Bawazir na Joseph Haule, ndiye Profesa Jay mnayemjua kwenye muziki. 2020 ikawa Palamagamba Kabudi na Dennis Londo. Hesabu mwenyewe: ushindi mara 6, mwanamke hata mmoja hakuna.

Sasa washa televisheni wakati wa Bunge. Wanawake wamejaa! Wametoka wapi? Hapa wengi wetu tunachanganya mambo, hata tunaosoma siasa.

Katiba, Ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30. Ibara ya 78 inaeleza mgawo: vyama vilivyofikisha asilimia 5 ya kura za ubunge nchi nzima vinagawana viti hivyo kwa uwiano wa kura. Kwa hiyo mkulima wa miwa wa Ruhembe akimpigia mgombea wake wa Mikumi, kura ile inafanya kazi mara mbili. Inamhesabia mgombea, kisha inaingia kwenye kapu la chama. Mgombea akianguka, kapuni bado imo. Ndiyo maana mwaka 2020 CHADEMA ilishinda jimbo 1 tu, Nkasi Kaskazini, lakini ikapata viti maalumu 19. (Na aliyeshinda Nkasi ni mwanamke, Aida Khenani.)

Tatizo ni kwamba yule mkulima hajui amemchagua nani. Jina halikuwa kwenye karatasi yake. Lilipangwa na wajumbe chamani, na wajumbe tunawajua. Mbunge huyo akilala usingizi miaka 5, Ruhembe haina pa kumwadhibu. Naye akichapa kazi, haina pa kumlipa. Tena Ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa. Kusema viti maalumu ni vya bure ni uonevu, lakini kusema vinatosha ni kujidanganya: mwaka 2010 wanawake walioshinda majimboni walikuwa 21 kati ya majimbo 239, hawafiki hata asilimia 9.

India tunapenda kuisema vibaya kwenye mambo ya wanawake. Uchaguzi wa 2019 wanawake wa kule walijitokeza kupiga kura sawasawa na wanaume, na walioshinda walikuwa 78 kati ya 543, asilimia 14, bila kiti maalumu hata kimoja. Mwaka 2024 wakashuka hadi 74.

Mwaka 2023 India ikapitisha sheria ya kutenga theluthi ya viti, na hapo ndipo tofauti yetu ilipo. Hawaongezi viti pembeni. Wanatenga majimbo yenyewe, kwa zamu, wagombea wote wawe wanawake, na mwananchi achague jina analoliona. Utekelezaji unasubiri sensa na ugawaji mpya wa majimbo. Ingekuwa kwetu, zamu ikiangukia Mikumi, kigogo wa kiume angefunga virago akatafute jimbo jingine. Usishangae basi kwamba muswada wa kwanza wa aina hiyo ulifika bunge la India mwaka 1996, ukapigwa danadana miaka 27.