Timu Iliyopanda Daraja na "Mkeka wa Uhakika"

Kila msimu wa Ligi Kuu unapoanza, zipo timu ambazo wabashiri huzihukumu kabla hazijacheza mechi tano. Ni timu zilizopanda daraja. Zikifungwa mara mbili au tatu mfululizo, maneno huenea katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kwenye maduara ya wachimbaji na katika stendi za mabasi: "Kaka, wale wacheze na nani, wewe weka upande wa pili, hela ipo." Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako fedha za dhahabu, almasi na pamba hupita mikononi mwa watu kwa vipindi, ushauri wa namna hii hupata wasikilizaji wengi.

Somo hili halikusudii kumkataza mtu mzima jambo ambalo sheria inamruhusu. Tunakusudia kumwonesha msomaji kwamba kujua timu ni dhaifu ni jambo moja, na kupata faida kwa kubashiri dhidi yake ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu mpira na bado akapoteza fedha yake. Tutaeleza sababu kwa mifano ya kwetu na kwa hesabu nyepesi ambayo kila msomaji anaweza kuirudia kwa kalamu.

Tuliyoyaona Geita na Shinyanga

Msimu wa 2021/22, timu mbili zilipanda moja kwa moja kuingia Ligi Kuu: Geita Gold na Mbeya Kwanza. Geita Gold ilianza kwa kusuasua, na mapema msimu huo ikaachana na kocha wake, Etienne Ndayiragije. Nafasi yake ikachukuliwa na Fred Felix Minziro. Mtu aliyeitazama timu hiyo katika wiki zile za mwanzo angekuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ingerudi ilikotoka.

Haikuwa hivyo. Geita Gold ilimaliza msimu ikiwa ya nne, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mbeya Kwanza, iliyopanda pamoja nayo, ilishuka daraja msimu uleule. Wageni wawili wa ligi, mwisho tofauti kabisa. Aliyebashiri dhidi ya timu zote mbili kwa sababu moja tu, kwamba "zimepanda juzi", alikuwa anatumia kipimo kimoja kwa vitu viwili visivyofanana. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa msimu wa 2023/24, Geita Gold nayo ilishuka. Jina na sifa ya timu havikai mahali pamoja.

Shinyanga nayo ina ushahidi wake. Januari 2019, Stand United iliifunga Yanga bao 1-0 katika Uwanja wa Kambarage. Yanga ilikuwa haijafungwa mchezo wowote wa ligi msimu huo. Stand United, kwa upande wake, ilishuka daraja msimu ulipokwisha. Oktoba ya mwaka huohuo, Mwadui, iliyokuwa imenusurika kushuka miezi michache tu kabla kwa mechi za mchujo dhidi ya Geita Gold, iliifunga Simba, mabingwa watetezi, bao 1-0 mjini Shinyanga.

Matokeo kama haya yana sababu zake. Timu inayoogopa kushuka hupigania kila pointi. Timu kubwa yenye mechi za Afrika huweza kupumzisha wachezaji wake. Kocha mpya hubadilisha mbinu, na dirisha dogo la usajili huleta wachezaji wapya. Hata hivyo, hatutaki msomaji ahitimishe kwamba basi abashiri upande wa timu dhaifu. Mara nyingi timu kubwa hushinda, na kampuni ya ubashiri inalijua hilo vizuri. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanzia.

Udhaifu wa timu umekwisha kuuzwa

Odi ni bei. Huonesha kila shilingi moja unayoweka itarudi ikiwa kiasi gani endapo utabiri wako utatimia. Timu kubwa inapocheza na timu inayosuasua, odi ya timu kubwa huwa ndogo kwa sababu udhaifu unaouona wewe kila mtu ameuona, ikiwemo kampuni iliyopanga bei. Ulichodhani ni siri yako kimekwisha kuingizwa kwenye bei kabla hujafungua simu.

Tuchukue mfano. Tuseme odi ya ushindi wa timu kubwa ni 1.25, ya sare ni 5.50, na ya ushindi wa timu dhaifu ni 11.00. Sasa tuseme unataka upokee Sh. 10,000 kwa tokeo lolote lile. Utalazimika kuweka Sh. 8,000 kwa timu kubwa, Sh. 1,818 kwa sare, na Sh. 909 kwa timu dhaifu. Jumla ni Sh. 10,727. Umelipa Sh. 10,727 ili upokee Sh. 10,000. Zile Sh. 727 ndizo sehemu ya kampuni. Zimo ndani ya bei, kama faida ya muuza duka ilivyo ndani ya bei ya sukari, na haziandikwi popote kwenye tiketi.

Kushinda mara nyingi na bado kupoteza

Kwa odi hizo, ukiondoa sehemu ya kampuni, bei inakadiria kwamba timu kubwa itashinda takribani mechi 75 katika kila mechi 100 za aina hiyo. Tuseme makadirio hayo ni sahihi, nawe umeweka Sh. 10,000 kwenye kila moja ya mechi hizo 100.

Utashinda mara 75, na kila ushindi utakupa faida ya Sh. 2,500. Faida yote ni Sh. 187,500. Utapoteza mara 25, na kila mara utapoteza Sh. 10,000 nzima. Hasara yote ni Sh. 250,000. Mwisho wa hesabu umepungukiwa na Sh. 62,500, ingawa ulikuwa sahihi mara tatu katika kila mara nne.

Tunamwomba msomaji atulie kidogo kwenye hesabu hii, maana ndiyo inayowapotosha watu wengi. Anayeshinda mara tatu katika nne hujiona fundi. Marafiki humwomba ushauri. Lakini kwa odi ya 1.25, ushindi mmoja hulipa robo tu ya dau, kwa hiyo kila kosa moja hula ushindi wa mara nne. Ili asipate hasara lazima awe sahihi mara 80 katika 100, na ili apate faida lazima azidi hapo.

Mkeka huzidisha hasara

Kwa kuwa odi ya 1.25 ni ndogo, wengi huunganisha mechi kadhaa katika mkeka mmoja. Mechi sita zenye odi ya 1.25 kila moja huzaa odi ya takribani 3.81. Dau la Sh. 10,000 linaahidi Sh. 38,147. Kwa macho, hii ni fedha nzuri kwa mechi sita "za uhakika".

Lakini mkeka hauhitaji timu sita ziwe na nguvu. Unahitaji zote sita zishinde. Ikiwa kila moja ina uwezekano wa kushinda mara 75 katika 100, uwezekano wa zote sita kushinda kwa pamoja ni takribani mara 18 tu katika 100. Ukicheza mikeka 100 ya namna hiyo, utatumia Sh. 1,000,000. Mikeka 18 itatimia na kukurudishia takribani Sh. 687,000. Hasara ni kama Sh. 313,000, mara tano ya ile ya kubashiri mechi mojamoja. Ile sehemu ndogo ya kampuni iliyomo katika kila bei imezidishwa pamoja na odi.

Ndiyo maana kilio kinachosikika zaidi ni "timu moja imenichania mkeka". Timu hiyo moja si bahati mbaya ya pekee. Kwa hesabu tuliyoiona, mkeka wa namna hiyo huchanika katika zaidi ya mara nne kati ya tano.

Shimo linalochimbwa na mtu mwenyewe

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya somo hili. Mchimbaji mdogo anafanya kazi katika duara eneo la Nyarugusu, mkoani Geita. Baada ya mgao amebakiwa na Sh. 120,000. Mkewe yuko Shinyanga, na mtoto wao anatakiwa kuripoti shule Jumatatu akiwa na viatu, madaftari na mavazi ya shule. Ijumaa jioni mchimbaji huyu anaweka Sh. 10,000 kwenye mkeka. Unachanika.

Anajiambia: "Naitaka elfu kumi yangu tu." Anaona mechi ya timu kubwa dhidi ya timu iliyopanda daraja, odi 1.25. Ili arudishe Sh. 10,000 kwa odi hiyo, lazima aweke Sh. 40,000. Anaweka. Mechi inaisha kwa sare.

Sasa amepoteza Sh. 50,000. Kuirudisha kwa odi ileile kunahitaji dau la Sh. 200,000. Mfukoni ana Sh. 70,000. Mwenzake yuko tayari kumkopesha, na simu yake inamwonesha kwamba anaweza kupata mkopo ndani ya dakika chache.

Usiku huo ndio wenye uzito kuliko usiku wa sare. Akituma Sh. 70,000 nyumbani, mtoto ataripoti shule, pengine bila kila kilichohitajika, na hasara itakuwa na mwisho. Akikopa, hasara inageuka kuwa deni, na deni halijui matokeo ya Jumapili. Kila anayefukuzia hasara kwa odi ndogo huhitaji dau la mara nne ya kile alichokwisha kupoteza. Hakuna mgao wa duara unaokua kwa kasi hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Tunamshauri kila mtumiaji wa huduma za ubashiri yafuatayo:

1. Tenga kwanza fedha ya chakula, kodi, matibabu, shule na marejesho ya kikundi. Unachobashiria kiwe ni fedha ambayo ikipotea hakuna mtu nyumbani atakayeulizwa swali.

2. Weka kikomo cha wiki kabla ya mechi kuanza, ukiandike, nawe usikibadili baada ya kupoteza wala baada ya kushinda.

3. Usikope ili kubashiri. Hili halina ubaguzi.

4. Tumia kampuni yenye leseni pekee. Leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kubashiri, hata kwa simu ya mzazi au ya kaka yake.

5. Jihadhari na wanaouza "mechi zilizopangwa" kupitia makundi ya simu. Jiulize: mwenye uhakika wa matokeo ana haja gani ya elfu tano yako? Wengine huwapa wateja tofauti utabiri tofauti wa mechi moja, kisha hurudi kwa waliopatia na kuwadai zaidi.

6. Tunza namba ya tiketi na ujumbe wa muamala. Ukiwa na mgogoro, peleka malalamiko yako kwa kampuni kwa maandishi kwanza. Usiporidhika, yapeleke kwa Bodi ukiwa na kumbukumbu hizo.

7. Ukijikuta unaficha tiketi, unadanganya kuhusu mshahara, au unakosa usingizi kwa ajili ya fedha uliyopoteza, mweleze mtu unayemwamini na utafute msaada katika kituo cha afya. Kusema mapema si aibu.

Maswali ya kujipima

(a) Odi ya timu kubwa ni 1.20. Ukiweka dau lilelile kila mara, unahitaji ushindi mara ngapi ili kufidia kosa moja?

(b) Umepoteza Sh. 15,000. Unahitaji dau la shilingi ngapi kwa odi ya 1.25 ili kuirudisha?

(c) Katika familia yako, fedha unayotumia kubashiri kwa mwezi ingelipia nini?

Jibu la (a) ni mara tano, na la (b) ni Sh. 60,000. Jibu la (c) hatuna sisi. Tunakusihi ulitafute pamoja na wale unaokula nao chungu kimoja, kabla ya mechi ijayo.