DENI LA NYUMBA NA HAKI YA WATU WA NYUMBANI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyehalalisha biashara na akaharimisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mwema kuliko watu wote katika kulipa deni lake, na jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tangu reli ilipofika katika mji wetu huu wa Morogoro mwaka 1907, watu wamekuwa wakija kutoka pwani na wakishuka kutoka milima ya Uluguru, wakapanga vyumba vya watu, kisha wakatamani kuwa na kwao. Zamani mtu alijenga kwa kadiri ya mkono wake: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mwaka wa tatu bati. Leo wako wanaonunua nyumba iliyokwisha kusimama, kwa bei ya kulipa kila mwezi miaka mingi, na nyumba yenyewe ikawa rehani hata ilipwe senti ya mwisho. Kwa ajili hiyo limetufikia suala ambalo tumeona jawabu lake lawafaa wengi.

SUALA

Mtu amenunua nyumba huku Kihonda kwa bei ya muda, kulipa miaka kumi. Amenuia kuimaliza kwa miaka sita, na kila kinachozidi mkononi mwake hukipeleka kwenye deni. Fungu la mwezi halijamshinda hata mara moja. Lakini nyama haiingii nyumbani mwake illa siku za Idi mbili. Nguo za mkewe zimechakaa. Na watoto wakiomba machungwa ya Kinole huambiwa wangoje deni liishe. Mkewe amemwuliza: “Bwana, tutaishi lini?” Naye humjibu kuwa deni ni mzigo, na furaha ni baada ya kulipa. Je, ni nani mwenye haki katika wawili hawa?

JAWABU

Kila mmoja ana sehemu ya haki, na Sharia yetu imezipambanua sehemu hizo. Tutazieleza mas'ala moja moja, kwa madhehebu ya Imam Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mas'ala ya kwanza: Uzito wa deni

Mume amesema kweli kuwa deni ni mzigo. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, asimsalie mwenyewe mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 282, ameamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Jambo lililopewa maneno mengi namna hii si jambo la kuchezewa.

Lakini deni si aibu wala si dhambi kwa aliyelichukua kwa haja na akanuia kulilipa. Mtume wetu mwenyewe alifariki hali deraya yake ya vita iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa pishi thelathini za shayiri alizozichukua kwa chakula cha watu wake. Zingatia, ewe ndugu yangu: aliweka rehani chombo cha vita ili watu wa nyumbani wale, wala hakuwanyima chakula ili akikomboe chombo.

Mas'ala ya pili: Deni lililofika na deni lisilofika

Madeni ni namna mbili. Deni lililofika muda wake, na mwenye kudai akalidai, ni wajibu kulilipa mara moja kwa mwenye uwezo, na kulichelewesha ni dhuluma kwa neno la Mtume mwenyewe. Mwenye deni la namna hii hana ruhusa ya kufanya karamu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 wa Miladi, ameeleza katika Minhaj yake kuwa hata sadaka ni haramu kwa kitu ambacho mtu akihitaji kulipia deni asilotaraji kulilipa kwa njia nyingine. Ikiwa sadaka imekatazwa, basi anasa yakatazwa zaidi.

Ama deni lisilofika muda, si wajibu kulilipa kabla ya siku yake, kwa sababu muda ni haki ya mdaiwa. Akipenda kuliharakisha, malipo yake ni sahihi. Na wanavyuoni wamesema mdai hulazimishwa kuyapokea, asipokuwa na udhuru wa kweli, ikiwa mdaiwa ana kusudio jema kama kuikomboa rehani. Basi kuharakisha ni jambo jema, lakini ni hiari. Na kanuni ijulikanayo na kila mwanafunzi wa chuo ni kuwa hiari haitangulii wajibu.

Mas'ala ya tatu: Nafaka si anasa

Hapa ndipo alipoteleza ndugu yetu, na wengi wameteleza pamoja naye. Amedhani kuwa kila asichokitoa nyumbani ni anasa aliyoiacha. Sivyo. Katika madhehebu yetu haki ya mke kwa mumewe imepimwa: chakula chake kwa siku ni kibaba kimoja kwa mume aliye dhiki, kibaba na nusu kwa wa kati, na vibaba viwili kwa mwenye wasaa. Pamoja na chakula hicho ni kitoweo kinacholiwa na watu wa mji, na nyama kwa kadiri ya uwezo wa mume na ada ya mji wake. Imam Shafii alitaja ratili moja ya nyama kwa juma, na wanafunzi wake wakaeleza kuwa hiyo ilikuwa ada ya Misri katika zama zake, na kwamba kila mji hufuata ada yake. Na wakaona ni bora nyama hiyo iwe siku ya Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya kukunjua mkono. Na nguo ni haki yake kila miezi sita.

Basi nyama ya Ijumaa ambayo mume huyu ameiita anasa, wanavyuoni wameiandika katika mlango wa nafaka.

Na liko jambo zito zaidi. Nafaka ya mke isipotolewa haipotei kwa kupita siku: huwa deni shingoni mwa mume. Akila pamoja na mumewe kwa ridhaa yake kama ilivyo ada, nafaka ya siku hiyo imekwisha. Lakini akipewa pungufu ya kumtosha, kile kilichopungua anaweza kukidai. Nafaka ya watoto haigeuki kuwa deni namna hiyo, lakini dhambi ya kuwapunja wenye haja haiondoki.

Sasa mtazame mtu wetu. Alitaka kupunguza deni lake. Amelipa deni la nyumba, ambalo muda wake haujafika, kwa kufanya deni jingine la mkewe, ambalo muda wake umefika. Amelitoa bega la kulia akalitia la kushoto, na lile la kushoto ndilo zito.

Mas'ala ya nne: Rehani haifunguki kwa sehemu

Katika Sharia, rehani yote imefungwa kwa deni lote. Mtu akilipa sehemu tisa katika kumi, nyumba haikufunguka hata chumba kimoja. Ingali rehani nzima kwa ile sehemu moja iliyobaki. Sharti hili mume mwenye haraka hulisahau. Humwaga kila alichonacho katika deni, mkono wake ukabaki mtupu. Kisha huja maradhi, au kazi hukatika, au masika huharibu njia na mzigo wake ukaoza huko Matombo au Mgeta, akashindwa na fungu la mwezi. Mdai ataangalia fungu la mwezi huu kama mapatano yalivyoandikwa, wala huenda asiangalie haraka ya mwaka jana.

Kwa hiyo kabla ya kuharakisha, weka akiba ya miezi michache ambayo ikifika dhiki italipa fungu na chakula. Akiba haiozi. Tena soma mapatano yako, au somewa na mtu mwaminifu, ujue: ukilipa zaidi, je, miaka itapungua au fungu la mwezi ndilo litakalopungua? Je, uko utozo kwa anayelipa mapema? Jawabu liwe la maandishi.

Mas'ala ya tano: Ikiwa deni ni la riba

Tuliyoyasema ni ya aliyenunua kwa bei moja iliyokatwa tangu mwanzo. Bei hiyo haizidi kwa kuchelewa wala haipungui kwa kuharakisha. Ikiwa muuzaji atasamehe kitu kwa hiari yake, ni hisani. Ama kupatana kuwa “nipunguzie nikulipe sasa”, mapatano hayo hayasihi katika madhehebu yetu. Basi anayeharakisha katika biashara hii hupata wepesi wa dhima yake, asitaraji faida ya fedha.

Ama aliyekopa fedha kwa riba, jambo lake ni jingine. Mkataba wenyewe ni haramu, na kila mwezi unaopita humhesabia riba juu ya mali iliyobaki. Juu yake ni toba, na katika toba ni kutafuta mlango wa kutoka upesi. Huyu apunguze furaha zake zote zisizo lazima. Lakini hata yeye asiiguse nafaka, kwa kuwa dhambi haifutwi kwa kuwadhulumu wasiokuwamo ndani yake. Na leo hana udhuru wa kusema hapana njia nyingine, kwani ziko benki zilizojifunga na Sharia, kama Amana Bank iliyofungua milango yake Dar es Salaam mwaka 2011. Hata hivyo jina zuri halitoshi: usome mkataba, umwulize mwanachuoni, ndipo utie mkono wako.

Mas'ala ya sita: Furaha ya halali na mpaka wake

Ikiwa fungu la mwezi limelipwa, na nafaka imetolewa, na akiba imewekwa, je, yafaa mwenye deni lisilofika muda kuwafurahisha watu wake? Yafaa, tena ni vizuri. Salman alipomwona Abu Dardaa amejishughulisha na ibada hata amemsahau mkewe, alimwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuruhusiwa kula haki ya mke, kulipa kabla ya muda hakuruhusiwi pia.

Lakini furaha ina mipaka mitatu. Wa kwanza, iwe halali. Wa pili, iwe ya wastani, kama Mwenyezi Mungu alivyowasifu waja wake katika Suratul Furqan, aya ya 67, kuwa hawafanyi israfu wala ubahili, bali wako baina ya hayo mawili. Wa tatu, iwe kwa fedha iliyomo mkononi, isiwe kwa mkopo. Huu wa tatu ndio unaowaangusha watu. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Wenye mashamba ya mikarafuu walikopa: wengine kwa gharama za kuchuma, wengine kwa kuanguka kwa bei, na wengine kwa harusi na maziko ya fahari. Wakaandika bei khiyari, yaani kuuza shamba kwa sharti la kulirudisha fedha ikilipwa, kisha wakalipangisha shamba lao wenyewe. Na kodi ile haikuwa illa riba iliyovaa kanzu. Hali ikafika hata mwaka 1934 serikali ya huko ikatoa amri za kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo kwa sababu ya madeni. Tabu haikuletwa na anayenunua kuku kwa fedha yake siku ya Ijumaa. Katika mambo yaliyo ndani ya hiari ya mtu, lenye kumwondoa shambani mwake ni sherehe ya siku moja iliyokopewa miaka kumi.

Mfano wa hesabu

Mathalan mtu hupata shilingi 900,000 kwa mwezi. Fungu la nyumba ni 350,000. Nafaka, dawa, nauli na mahitaji ya watoto, pamoja na nyama ya Ijumaa, ni 430,000. Zimebaki 120,000. Atenge 20,000 za furaha, na 100,000 aweke akiba mpaka zitimie 1,050,000, yaani mafungu matatu ya nyumba. Atazitimiza katika mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo zile 100,000 zende kwenye deni kila mwezi. Kwa mwaka atakuwa ameharakisha 1,200,000, nayo yapita mafungu matatu. Na furaha ya mwaka mzima imekula 240,000, haikufika hata fungu moja la mwezi. Kwa fedha hiyo atawachukua watoto siku moja katika reli ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina yetu na Dar es Salaam mwaka 2024, wakaione bahari waliyozaliwa babu zao, na nyumba isidhurike.

Khatima

Twamwambia ndugu yetu mwenye suala: nia yako ni njema, na njia yako ina kasoro. Rudi nyumbani, uketi na mkeo, umwonyeshe hesabu yote. Sheria ya Ndoa ya nchi hii, ya mwaka 1971, inakukataza kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa yake. Basi kama ridhaa yake yatakiwa katika kuifunga nyumba, ni adabu atakwe shauri katika kuifungua. Ulichompunguzia mlipe, au umwombe akusamehe kwa moyo safi, si kwa haya. Kisha anzeni na nyama ya Ijumaa hii.

Naye mke twamwambia: mwenye deni ana haki ya kusaidiwa. Usimtake karamu ya jirani, wala usimhesabie kila aliyejenga ghorofa. Furaha ndogo aliyoilipia ni bora kuliko kubwa atakayoidaiwa.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu kwa fadhila yake, atutoshe na halali yake tusiifikie haramu yake, na atujaalie nyumba zetu kuwa maskani ya utulivu. Amin. Wallahu aalam.