Kiungulia: Vidonge au Kisu?

Leo tunazungumzia kiungulia. Usicheke! Katika shule moja huku Muleba, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Shikamoo dada. Babu yangu kifua kinamuunguza kila usiku. Kasikia kuna operesheni ya kumaliza kabisa. Je, auze ng'ombe?"

Swali zuri. Tulijibu hatua kwa hatua, nawe tufuate.

KIUNGULIA NI NINI?
Chakula hupita kwenye umio kwenda tumboni. Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi kama mlango: hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Mlango huo ukilegea, tindikali ya tumbo hupanda na kuunguza. Mara moja moja humpata kila mtu. Ukikusumbua siku mbili au zaidi kila wiki, huo ni ugonjwa.

KABLA YA KISU
Mgonjwa aache sigara, apunguze lubisi na konyagi, na asile bitoke akaenda moja kwa moja kulala. Asubiri saa mbili au tatu. Ainue kitanda upande wa kichwani. Kama kutafuna kahawa kunamzidishia, apunguze. Mnene apunguze uzito. Kisha kuna dawa za kupunguza tindikali, kama omeprazoli. Wengi hupata nafuu hapa hapa.

AINA ZA UPASUAJI
1. Kuzungushia kote. Daktari Rudolf Nissen, yule aliyempasua Albert Einstein mwaka 1948, aliifanya operesheni hii huko Basel, Uswisi, mwaka 1955. Sehemu ya juu ya tumbo huzungushwa umio wote, kama unavyojifunga kanga kiunoni, halafu hushonwa. Faida: huzuia tindikali vizuri sana. Hasara: wengine humeza kwa shida, hushindwa kubeua, na tumbo hujaa gesi.

2. Kuzungushia nusu. Dor (1962) alifunika upande wa mbele. Toupet (1963) upande wa nyuma. Shida ya kumeza na gesi hupungua. Kwa mtindo wa Toupet, tindikali huzuiwa karibu sawa na ule wa Nissen.

3. Pete ya sumaku. Shanga ndogo zenye sumaku huvishwa kwenye umio. Chakula kikipita zinaachana, kisha zinavutana tena. Marekani iliiruhusu mwaka 2012. Ni ghali, na baadhi ya wagonjwa humeza kwa shida.

Zamani tumbo lilipasuliwa kwa mkato mrefu. Tangu 1991 madaktari hutumia matundu madogo na kamera. Maumivu ni kidogo na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

JE, KISU KINASHINDA VIDONGE?
Huko Ulaya wagonjwa 554 waligawanywa makundi mawili: dawa au upasuaji wa matundu madogo. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Baada ya miaka mitano, 92 kwa 100 wa dawa walikuwa na hali nzuri, na 85 kwa 100 wa upasuaji. Kwa hiyo kisu si mkato wa kumaliza yote. Kinamfaa zaidi yule ambaye vipimo vimethibitisha ugonjwa, na hawezi au hataki kumeza dawa miaka yote, au chakula bado kinampanda ingawa anatumia dawa.

SWALI MUHIMU KULIKO YOTE
Nilimuuliza yule mwanafunzi: "Babu anameza vizuri?" Akanyamaza kidogo. "Siku hizi anakunywa uji tu, dada. Na amekonda."

Kijana mwenzangu, hapo hatuzungumzii kiungulia tena. Kumeza kwa shida, kukonda, kutapika damu au choo cheusi kama lami ni dalili za hatari. Saratani ya umio ipo sana Afrika Mashariki, na huwezi kuijua kwa kununua vidonge dukani. Tulikubaliana ng'ombe asubiri, babu awahi hospitali. Jumamosi ile alipelekwa, akaandikiwa rufaa ya Bugando, Mwanza, kwa kipimo cha kamera.

Nawe ukiona dalili hizo nyumbani, usingoje. Muleba kuna Rubya, Kagondo na Ndolage. Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

JIPIME
1. Ule "mlango" wa umio ukilegea hutokea nini?
2. Taja tofauti mbili kati ya kuzungushia kote na kuzungushia nusu.
3. Nani nyumbani kwenu anameza kwa shida? Umemwambia nini?